Samani za nyumba mpya kutoka kwa paleti, magunia ya kahawa na matairi makuukuu

Ukishalipa kodi ya miezi kadhaa mbele, ukampa mwenye pikapu chake na ukanunua kufuli mpya, mfukoni hubaki hela ya mboga. Hapo ndipo watu wengi Kampala hukimbilia kochi la mkopo ambalo halipiti hata mlangoni. Mwongozo huu ni wa mtu aliyeingia nyumba ya kupanga, iwe chumba na sebule au chumba kimoja tu, Ndejje, Kyebando, Makindye au kwingineko, ambaye ana Jumamosi chache za bure na uvumilivu wa kusugua mbao.

Msimamo wangu ni huu: ukijitengenezea kitu cha nyumba ya kupanga, sharti kikitoshee chumba chako, na sharti kifunguke siku ya kuhama. Urembo unafuata. Ndiyo maana nitakaa sana kwenye meza. Ukishaijua meza, benchi na hata kitanda hutapata taabu navyo.

Pima chumba kabla ya kununua msumari

Chukua tepu ya kupimia na daftari. Andika urefu na upana wa sebule, upana wa mlango ukiwa wazi kabisa, na upana wa ngazi kama unakaa ghorofani, hasa pale zinapopinda. Weka alama palipo soketi na mita ya Yaka (umeme wa kulipia kabla), maana hapo hutaki kabati.

Kisha chukua chaki, uchore meza na viti sakafuni kwa ukubwa wake halisi. Vyumba vingi vya kupanga vina futi 10 kwa 10 hivi, na karatasi hudanganya sana kwenye nafasi ndogo kama hiyo. Tembea, fungua mlango, pita na sahani ya chakula mkononi. Njia ya kupita ikiwa chini ya sentimita 60 utajigonga goti kila siku. Iache michoro hiyo siku mbili tatu kabla ya kuamua. Mgeni akicheka, acheke.

Kutafuta mali

Paleti, yaani majukwaa ya mbao ya kupangia mizigo, hupatikana kwenye viwanda na maghala ya Industrial Area na Nakawa, na kwa wauza mbao wa Ndeeba. Kabla ya bei, tafuta muhuri uliochomwa au kupigwa kwenye mbao za pembeni. Paleti za kusafirishia bidhaa kati ya nchi na nchi huwa na alama ya suke la ngano, herufi mbili za nchi zilikotengenezwa (UG ni Uganda), na herufi zinazoeleza mbao zilivyotibiwa. HT maana yake zilipashwa moto mpaka ndani kabisa zikafika nyuzi 56 za selsiasi kwa dakika 30 au zaidi, hizo chukua. MB maana yake zilipuliziwa gesi ya sumu ya methili bromaidi. Hizo ziache huko huko, hata ukipewa bure. Zisizo na muhuri mara nyingi zimetumika humu humu nchini, nazo zinahitaji pua na macho: yenye madoa ya mafuta, harufu ya dawa ya shamba au ukungu mweusi haifai kuingia ndani wanakolala watoto.

Angalia pia vitundu vidogo kama vya sindano vinavyotoa unga laini. Hao ni bungua, na ukiwaingiza nyumbani watahamia kwenye mlango wa mwenye nyumba.

Mwenye paleti hutaja bei kwa kuangalia viatu vyako. Nenda na ndala, uliza kwa watu watatu tofauti, na ujumlishe usafiri kabla ya kufurahia. Paleti mbili juu ya boda boda ni hatari kwako, kwa dereva na kwa aliye nyuma yenu. Afadhali mchange pikapu na jirani.

Magunia ya kahawa yawe yale ya juti. Kahawa ya Uganda ya kusafirishwa nje hupakiwa kwenye magunia ya kilo 60, na yaliyotoboka huuzwa kwa bei ya chini au hugawiwa. Matairi yapo soko la Kisekka. Masanduku ya mbao ya nyanya yamejaa masoko ya Kalerwe na Owino, hasa jioni wauzaji wanapofunga. Kreti za soda na bia, hata kama rafiki yako ana baa, usizipake rangi ukageuza rafu: ni mali ya kampuni, na kuna mtu anayedaiwa kreti hizo.

Ukipata kiti au meza kuukuu ya mvule kwa mzee anayehama au kwenye mnada, sahau paleti kwanza. Mvule haushindwi na mchwa kirahisi, na chini ya rangi chafu ya miaka mingi kuna ubao ambao leo hungeweza kuununua. Funga barakoa unapousugua, kwa sababu vumbi lake huwasha ngozi na kifua.

Meza ya sebuleni ya paleti

Vipimo vyangu ni sentimita 100 kwa 60 juu, na kimo cha sentimita 40. Badilisha kulingana na chaki yako.

Unahitaji: paleti moja au mbili, mbao ya inchi 2 kwa 2 yenye urefu wa mita 1.6 kwa ajili ya miguu, skrubu za sentimita 4, bolti 8 za milimita 8 zenye urefu wa sentimita 9 pamoja na nati na washa zake, gundi nyeupe ya mbao, msasa namba 80, 120 na 220, na vanishi. Vifaa: msumeno wa mbao, msumeno wa chuma, drili, bisibisi, nyundo na kipimo cha pembe mraba. Drili unaweza kukodi au kuazima kwa fundi wa jirani. Peleka na soda, utarudi tena.

1. Bomoa paleti bila hasira. Misumari yake mara nyingi imezungushwa kama skrubu, na ukivuta ubao kwa mtaimbo utapasuka pale pale kwenye msumari. Ingiza kabari kati ya ubao na gogo uache upenyo mdogo, kisha pitisha msumeno wa chuma ukate msumari. Kichwa hubaki ndani ya ubao. Mimi hukiacha, kinapendeza. Kama hukipendi, kisukume kutoka nyuma kwa msumari mwingine mnene.

2. Chagua mbao sita zilizonyooka, zenye upana wa sentimita 10 hivi, ukate kila moja sentimita 100. Kwa fremu kata mbavu mbili ndefu za sentimita 90 na tatu fupi za sentimita 46. Miguu minne iwe sentimita 38 kila mmoja, na kata yote minne kwa kuifunga pamoja ili ilingane.

3. Kama una hela kidogo ya ziada, peleka mbao Ndeeba zipitishwe kwenye mashine ya kuranda. Hakikisha kwanza hakuna msumari hata mmoja ndani. Msumari mmoja huvunja kisu cha mashine, na utakilipa wewe. Wasioranda, wasugue: msasa namba 80 mpaka ubao usichome mkono, halafu namba 120, siku zote kwa kufuata mistari ya mti. Ukisugua kwa kukata mistari, mikwaruzo haitaonekana leo. Vanishi ndiyo itakayoianika. Hii ndiyo kazi ya kuchosha kuliko zote na ndiyo inayotenganisha meza na kuni zilizopangwa. Usiiharakishe.

4. Unga fremu. Mbavu mbili fupi zikae katikati ya zile ndefu, moja kila mwisho, na ya tatu katikati kabisa ili mbao za juu zisilegee. Toboa tundu jembamba kuliko skrubu kabla ya kukaza, la sivyo ubao wa paini utapasuka mwishoni. Paka gundi, kaza, kisha pima kona kwa kona, mshazari mmoja na wa pili. Vipimo viwili vikilingana, fremu ni mraba. Visipolingana, sukuma kona iliyo ndefu kabla gundi haijakauka.

5. Miguu inakaa ndani ya kona za fremu na haipakwi gundi. Kila mguu unapata bolti mbili, moja kutoka ubavu mrefu na nyingine kutoka ubavu mfupi. Usizitoboe kwa kimo kimoja, zitakutana ndani ya mguu: moja iwe sentimita 3 kutoka juu, nyingine sentimita 6. Hakikisha mbavu zako zina upana unaoruhusu hivyo. Andika namba kwenye kila mguu na kona yake kwa penseli, kwa sababu matundu ya mkono hayafanani hata siku moja. Siku ya kuhama utafungua nati nane, na meza italala bapa nyuma ya pikapu.

6. Panga mbao sita za juu, zikitokeza sentimita 5 kila upande wa fremu. Usizibananishe. Kuanzia Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Novemba, hewa ya huku kusini mwa Uganda huloa na ubao huvimba. Ukikosa nafasi, utajipinda. Weka msumari wa inchi 2 kati ya ubao na ubao uwe kipimo cha mwanya, kaza skrubu, kisha uchomoe msumari. Kila ubao upate skrubu mbili kwenye kila ubavu mfupi.

7. Futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, acha pakauke. Mkono wa kwanza wa vanishi uchanganye na thina kidogo, sehemu moja kwa tisa, ili uzame. Acha ukauke usiku mzima. Vinyweleo vya ubao vitasimama na meza itakwaruza. Pitisha msasa namba 220 kwa wepesi, futa, paka mkono wa pili, rudia, paka wa tatu. Fanyia kazi hii kibarazani asubuhi, kabla vumbi la barabara halijaamka, na usipake mvua ikinyesha. Vitambaa vilivyoloa vanishi ya mafuta vitandaze nje vikauke. Vikirundikwa kwenye kona vinaweza kujichemsha vyenyewe mpaka vikashika moto.

8. Chini ya kila mguu gundisha kipande cha mpira wa tyubu kuukuu. Sakafu ya saruji hunyonya unyevu na kuupandisha kwenye mti, na tyubu huzuia hilo, pamoja na ule mlio unaomwamsha jirani wa chini.

Ukitaka miguu ya chuma, ruka hatua ya 5. Nenda kwa mafundi chuma wa Katwe na mchoro wenye vipimo, uwaombe wakuchomelee miguu ya nondo ya milimita 12 yenye bapa la kufungia skrubu juu. Usiende na picha ya simu peke yake. Fundi wa Katwe atakutengenezea kitu kizuri sana, ila kwa kimo anachokitaka yeye.

Foronya za gunia la kahawa

Likung'ute gunia nje, lipige, lianike jua kali siku nzima pande zote mbili. Likinuka bado, lioshe kwa mkono kwa maji baridi na sabuni kidogo, bila kulikamua kwa nguvu, na usilitie pamoja na nguo nyingine kwa sababu wino wa maandishi hutoka.

Kwa mto wa sentimita 45, kata kipande cha mbele cha 48 kwa 48, ukiweka maandishi au picha katikati, na vipande viwili vya nyuma vya 48 kwa 32. Juti hufumuka mara tu mkasi unapoipita. Chora mstari, mpelekee fundi cherehani wa barazani apige mshono wa zigizaga juu ya mstari huo, ndipo ukate nje yake. Pindo moja la kila kipande cha nyuma likunjwe sentimita 2 na kushonwa. Weka cha mbele uso ukitazama juu, vya nyuma juu yake vikipandana katikati, shona kuzunguka sentimita 1.5 kutoka ukingoni, kisha geuza. Hakuna zipu, na mto unaingia kwa nyuma.

Juti huwasha shingoni na hudondosha nyuzi kwenye nguo nyeusi, kwa hiyo mto wenyewe uwe na mfuko wake wa pamba, na upande wa nyuma wa foronya tumia kitenge badala ya gunia. Kitenge huuzwa kwa yadi 6. Hizo zitatosha migongo ya mito yote na kipande cha ukutani juu. Kiloweke kwanza, kinywee kabla hujakishona. Ndani jaza vipande vya sponji kutoka kwa watengeneza magodoro, ukivikata vidogo zaidi ya unavyodhani.

Kigoda cha tairi

Tairi la gari dogo lina kipenyo cha sentimita 60 hivi na unene wa 20. Lisugue kwa brashi na sabuni, ndani na nje, kisha lianike mpaka harufu ipungue. Kama litakaa barazani, toboa matundu manne upande wa chini, maana maji yakituama ndani umefuga mbu.

Kata duara mbili za plaiwudi ya milimita 12, zenye upana wa kufunika shimo na kupita kando yake sentimita 5. Kaza moja juu na moja chini kwa skrubu zenye washa. Skrubu tupu hupenya mpira na kulegea. Kisha kamba ya katani. Hapa wengi hununua pungufu. Kwa kamba ya milimita 10, ubavu unahitaji mizunguko 20 ya karibu mita 2, yaani mita 40, na juu peke yake pananyonya mita 28. Nunua 80. Anzia katikati ya duara la juu, zungusha kama konokono, ukipaka gundi ya viatu sehemu ndogo ndogo, madirisha yakiwa wazi na bila jiko la mkaa karibu. Mshikishe mtu mwingine kamba. Mikono miwili haitoshi kazi hii.

Lubugo ukutani

Kitambaa hiki cha gome la mti wa mutuba ndicho pambo ninalolipenda kuliko yote, na ndicho kinachohitaji adabu. Hutengenezwa Buganda na mafundi wa ukoo wa Ngonge: gome huvunwa msimu wa mvua, hupigwa kwa nyundo za mti mpaka lilainike na kuwa jekundu la udongo, nao mti huota gome jingine. UNESCO ilikitambua mwaka 2005, na mwaka 2008 kikaingia kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Lakini Waganda pia huzikia wafu wao kwa lubugo. Mwenye nyumba wako akiwa mzee wa Kiganda, mwambie mapema unachofanya. Na usikitandike kitandani, hata kama picha za hoteli zinakuonyesha hivyo.

Kipande kizuri utakipata kwenye maduka ya sanaa karibu na National Theatre au Buganda Road. Viraka vilivyoshonwa kwa mkono si kasoro. Gome lilikuwa na tundu hapo, na fundi aliliziba. Usikifue. Kipige brashi laini, kisha kikunjue kwa pasi ya vuguvugu juu ya kitambaa kikavu.

Chukua plaiwudi ya sentimita 60 kwa 90. Paka gundi nyeupe nyembamba kwenye plaiwudi, wala si kwenye lubugo, maana likiloa hujikunja na kuacha doa. Laza kitambaa kuanzia katikati, sukuma hewa pembeni kwa kiganja, kunja sentimita 5 nyuma na ubane kwa pini za stepla. Kiache chini ya kitu kizito usiku kucha. Chagua ukuta mkavu: ule unaopakana na bafu utakiotesha ukungu.

Wengine hutengeneza kivuli cha taa kwa lubugo, na mwanga wake ni mzuri kweli. Tumia balbu ya LED tu, isikaribie kitambaa kwa chini ya sentimita 10, na waya afunge fundi umeme.

Rafu ya masanduku ya nyanya

Osha, anika, sugua, paka rangi ya maji mikono miwili. Panga matatu au manne yakiangalia mbele na uyaunge kwa bolti fupi mbavuni. Mbao zake ni nyembamba, kwa hiyo mgongoni ongeza ubao mmoja wa paleti unaopita juu ya masanduku yote. Huo ndio utakaobeba uzito.

Sasa ukuta. Omba ruhusa ya mwenye nyumba, ikiwezekana kwa ujumbe wa simu ili ibaki imeandikwa. Gonga ukuta kwa kifundo cha kidole: pakilia wazi, lipu imeachana na tofali, sogea. Usitoboe juu wala chini ya soketi, nyaya hupita hapo. Toboa milimita 6, kina cha sentimita 5, puliza vumbi, ingiza kishikio cha plastiki, kisha skrubu ipite ubao wa mgongoni. Nne zinatosha rafu ya masanduku matatu. Ining'inie kwa mikono yako, ukiegemea polepole, kabla ya kuweka chochote. Skrubu ikicheza, ichomoe, sogea sentimita 5 kando, na tundu la zamani lizibe kwa saruji nyeupe siku hiyo hiyo ili usidaiwe siku ya kurudisha funguo.